Taarifa zako zikivuka bila wewe

Mwishoni mwa mwaka 2008, abiria aliyepanda boti Unguja, akashuka Dar es Salaam na kupiga simu nyumbani kusema amefika salama, aliingia kwenye utafiti wa malaria bila kujua. Hakujaza fomu wala hakutobolewa kidole. Laini yake ya Zantel ilisomwa na mnara wa bara badala ya mnara wa visiwani, basi, hiyo ilitosha. Andrew Tatem na wenzake walikuwa wamepewa kumbukumbu za simu za miezi mitatu, za wateja zaidi ya laki saba, majina yakiwa yameondolewa. Swali lao lilikuwa zito kwa Zanzibar ya wakati ule: malaria imeshuka sana visiwani, je, ikirudi itarudi na nani? Matokeo yalichapishwa 2009. Wateja wengi hawakutoka visiwani kabisa katika miezi ile. Wengi wa waliotoka walikwenda Dar na kurudi kabla siku tano hazijaisha. Wa kuangaliwa zaidi walikuwa wachache waliokaa bara muda mrefu, kwenye maeneo yenye malaria kali.

Mwaka 2012 ikatoka kazi ya aina hiyo kuhusu Kenya, kubwa zaidi mara nyingi. Kundi la Amy Wesolowski na Caroline Buckee lilichambua simu za karibu watu milioni 15 kwa mwaka mzima kuanzia Juni 2008, kupitia minara karibu 12,000, likaonyesha jinsi vimelea vinavyosafiri na watu kutoka ukanda wa Ziwa Victoria kuelekea Nairobi. Mbu hapandi basi. Anayepanda basi ni kijana aliyekwenda kumsalimia mama yake Siaya, akaumwa na mbu huko, Jumapili jioni akarudi mjini kuwahi kazi. Elimu hiyo usingeipata kwa kuhesabu vyandarua.

Nimeanza na mifano hii makusudi, maana mazungumzo yetu juu ya taarifa binafsi huanzia kwenye hofu na kuishia humo humo. Alama tunazoacha kila siku kwa kupiga simu, kulipa, kujaza vocha na kutembea na simu mfukoni zinaweza kuokoa maisha, na sina nia ya kulikana hilo huko mbele. Ninachobishania ni pale taarifa iliyozaliwa kwenye shughuli moja inapochukuliwa na kupewa kazi nyingine. Mwenye taarifa anakuwa wapi wakati huo? Je, anaambiwa? Akiambiwa, anaweza kujibu?

Tuangalie mikopo. Novemba 2012 Safaricom na benki ya CBA walizindua M-Shwari nchini Kenya. Mtu asiye na hati ya mshahara wala hati ya kiwanja aliweza kukopa kwa simu, na kiwango chake cha kwanza kilipangwa kwa kuangalia anavyotumia laini na M-Pesa. Tanzania tukapata M-Pawa mwaka 2014, na tangu hapo mikopo ya chapchap imekuwa kitu cha kawaida kwenye menyu ya simu. Siidharau hatua hiyo. Utafiti wa Tavneet Suri na wenzake juu ya M-Shwari ulionyesha kwamba kaya zilizopata mkopo huo, zilipokumbwa na dharura, hazikulazimika kukata matumizi kama wenzao waliokosa. Mama ntilie ambaye mwanawe ameugua usiku hana nafasi ya kusikiliza mhadhara wangu wa faragha.

Lakini kampuni ya simu ilikuwa inasoma kumbukumbu zake yenyewe. Programu za mikopo zilizofuata, Tala na Branch zenye makao California zikiwa mbele, zilisoma simu yako: ujumbe mfupi, orodha ya namba, rekodi za kupiga na kupokea. Shivani Siroya, mwanzilishi wa Tala, alieleza jukwaani kwamba mtu anayewasiliana na watu wengi tofauti huelekea kuwa mlipaji mzuri. Alama nyingine iliyotajwa sana miaka ile ni namna unavyohifadhi majina. Aliyeandika jina la kwanza na la ukoo alionekana mtu makini kuliko aliyeandika jina moja.

Hapa tutulie kidogo. Fungua simu ya mtu wa Tandika au wa Kongowea. Utakuta Mama Salma, Baba Junior, Fundi Bomba, Juma Boda, Mzee wa Mkaa, Shemeji Tanga, Dada Vitenge Kariakoo. Jina la ukoo hulioni, na uzembe pia huuoni. Mama Salma ni jina la heshima; kumwandika kwa jina alilopewa na wazazi wake, mtu uliyemkuta mtaani akiwa na wajukuu, ni kumkosea adabu. Fundi Bomba ameandikwa hivyo kwa sababu bomba likipasuka saa nane za usiku hutaanza kuwaza ukoo wake. Kipimo kilichoona umakini kwenye jina la ukoo kilikuwa kinapima desturi za watu wa kwingine, kisha kinatutoza riba kwa kutofanana nao. Huenda mashine zimejifunza tangu wakati ule. Mkopaji hana njia ya kujua, kwa kuwa kipimo ni siri ya biashara na jibu analopewa ni la mstari mmoja: ombi lako halijafanikiwa, jaribu tena baadaye.

Kisha orodha hiyo hiyo ya namba ikapewa kazi ya pili. Deni likichelewa, ujumbe haukwenda kwa mkopaji peke yake. Ulikwenda kwa shemeji, kwa bosi, kwa mwenyekiti wa kikoba: mwambie mwenzako alipe, asijifiche. Watu wakaambiwa ni wadhamini wa deni ambalo hawajawahi kulisikia. Hapa kwetu mikopo hii tumeipa jina la kausha damu, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kenya ilikuwa imetangulia kwa kanuni za Benki Kuu yake za Machi 2022. Google nayo, kuanzia mwisho wa Mei 2023, ilizikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lake zisiguse namba wala picha za mteja. Kumbuka kwamba mpaka siku hiyo mteja alikuwa amebonyeza "kubali" mwenyewe. Tunapenda sana kumlaumu kwa hilo. Mtu anayetafuta shilingi elfu thelathini za hospitali atabonyeza chochote kilichowekwa mbele yake, na wanaotengeneza kitufe hicho wanalijua hilo kuliko wewe na mimi.

Mangi wa duka la mtaani naye ana daftari la madeni, na ndani yake mna siri nzito: nani amesimamishwa kazi, nani ameanza kununua maziwa ya kopo, nani bili yake ya sigara imepanda tangu mke aondoke. Daftari hilo linakaa chini ya kaunta. Siku Mangi akilibeba akampelekea mwenye nyumba wako, hakuna atakayeuliza kama ulisaini fomu ya ridhaa. Mtaa mzima utajua amefanya jambo baya. Sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, zinasema kwa lugha ndefu kile ambacho mtaa unakijua: taarifa ikusanywe kwa kusudi lililotajwa, isitumike kwa lingine lisiloendana nalo.

Shida ni kwamba malipo ya simu yanatengeneza taarifa za ugonjwa hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kuzikusanya. Ingia duka la dawa, lipa kwa Lipa Namba. Ujumbe unaorudi una jina la duka, kiasi, tarehe na saa. Jina la dawa halimo, na halihitajiki. Kiasi kile kile, duka lile lile, kila baada ya siku thelathini: huyu ana ugonjwa wa kudumu, yaelekea presha au kisukari. Kliniki ya wajawazito, maabara, kliniki tena, halafu duka la nguo za watoto: hilo halihitaji mtaalamu. Na mfululizo huo ukikatika katikati, rekodi inakuwa imesema jambo ambalo mama mwenyewe huenda hajamwambia mtu yeyote.

Sasa hesabu ni wangapi wameshaiona taarifa yako ya miamala ya miezi sita. Ofisa wa mikopo benki aliiomba kuangalia kipato. Ubalozi uliiomba kwa ajili ya viza. Kuna wenye nyumba siku hizi wanaitaka kabla ya kukupa ufunguo. Wote wanatafuta kipato, lakini jicho halina adabu ya kuruka mistari ya hospitali. Nani atathubutu kuniambia kwamba ofisa aliyeona malipo ya kliniki ya saratani mara tatu mwezi mmoja ataandika "mkopo wa miaka mitano, hakuna tatizo"? Naye hatasema sababu. Hata kabla ya kufika kwake, karatasi hizo zilichapishwa kwenye stesheneri ya jirani, ukamtumia kijana faili kwa WhatsApp, na faili bado lipo kwenye kompyuta yake pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya nusu ya kata.

Kwa hili nawapongeza walioandika sheria ya Tanzania. Waliiweka miamala ya fedha ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti, pamoja na taarifa za afya. Walijua, au waliotea vizuri, kwamba kwetu pesa na ugonjwa vinapita kwenye njia moja: namba ya simu. Na namba hiyo si namba tu tena. Tangu Januari 2020, laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) zilianza kuzimwa. Namba yako inamaanisha wewe, kidole chako na kila kilicholipiwa kwa jina lako.

Mtu atasema dawa yake ni kuondoa majina, kama walivyofanya watafiti wa malaria. Majina huondoka. Njia unazopita hubaki. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichukua rekodi za simu za watu milioni moja na nusu, bila majina, wakakuta kwamba ukijua mara nne tu mtu alikuwa mahali gani na saa ngapi, unaweza kumtofautisha na wengine wote katika asilimia 95 ya watu hao. Fikiria hilo kwa mtu mmoja ambaye sote tunamjua bila kumjua: anayeishi wilaya moja na kuchukua dawa za kufubaza VVU kwenye CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, ya wilaya nyingine. Nauli anaipata kwa taabu, lakini hataki kukutana na jirani kwenye benchi la kusubiri. Amejificha kwa majirani na kwa ndugu, amejificha hata kwa padri. Simu yake inajua ratiba ya kliniki kuliko anavyoikumbuka mwenyewe.

Na tusidhani hatari hii inatoka kwa wafanyabiashara pekee. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza ikusanywe orodha ya wanafunzi wanaoishi na VVU, pamoja na taarifa za walezi wao. Nia ilitajwa kuwa njema: kupanga huduma. Desemba 2016 Mahakama Kuu ya Kenya ikasema agizo hilo linavunja katiba. Ninachokithamini katika kesi ile ni kwamba nia njema haikutosha kuiokoa. Huwezi kupanga huduma kwa kutengeneza orodha ambayo siku ikivuja itamfukuza mtoto shule.

Tuje sasa kwenye mahali ambapo biashara na afya zinakutana kabisa: nani alipie bima kiasi gani. Oktoba 1, 2024 Kenya iliachana na NHIF, mfuko wake wa taifa wa bima ya afya, na kuanza mamlaka mpya, SHA. Mwenye mshahara mambo yake ni mepesi, anakatwa asilimia 2.75. Muuza mitumba, mvuvi na mshona viatu hawana mshahara wa kukatwa, kwa hiyo wanaulizwa maswali: paa la nyumba yako ni la nini, ukuta je, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, mko wangapi, mnamiliki nini. Majibu yanaingizwa kwenye mashine, mashine inakadiria kipato, inatoa mchango ambao haupungui shilingi 300 za Kenya kwa mwezi.

Ukadiriaji wa aina hii una historia ndefu duniani, na wachumi wanaujua udhaifu wake: unakosea, na unakosea zaidi kwa maskini walio na kitu kimoja kizuri. Bati jipya lililonunuliwa na mtoto aliyeko Qatar si kipato cha bibi anayelala chini yake. Hapa Tanzania TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, nayo ilitumia dodoso la mali za kaya kutafuta walengwa wa ruzuku. Lakini TASAF ilianzia na kumalizia kwenye mkutano wa kijiji. Majina yalitajwa mbele ya watu, na watu wakasema: huyu ana ng'ombe kwa kaka yake, huyu mmemsahau. Nakiri mkutano ule una aibu yake. Si kila mtu anapenda umaskini wake upigiwe kura chini ya mwembe, na wenyeviti wenye upendeleo tunawajua. Hata hivyo aliyeachwa alimwona aliyemwacha, akasimama, akabisha. Kati ya aibu yenye mlango wa kubishia na siri isiyo na mlango, mimi nachagua aibu, na najua wapo wasomaji watakaonipinga.

Kuhusu mfumo wenyewe wa kidijitali wa SHA, mkataba wake ni wa shilingi bilioni 104.8, umepewa kundi la kampuni likiongozwa na Safaricom, na Mkaguzi Mkuu wa Kenya alishahoji kwamba serikali haiumiliki mfumo huo. Kampuni ile ile inabeba simu yako, pesa yako, na sasa ina mkono kwenye faili la hospitali. Sisemi kuna faili lililochanganywa na lingine. Nasema ukuta kati ya mafaili hayo umejengwa kwa ahadi, na raia haruhusiwi kwenda kuugusa aone kama ni wa tofali.

Haki itendeke: faili hilo lina faida zake. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ya Kenya ilifungia vituo kadhaa baada ya madai ya malipo ya vituo hivyo kuonekana ni hewa, wagonjwa wanalipiwa kitanda ambacho hawajawahi kukilalia. Bila rekodi za kidijitali, wizi ule ungechukua miaka kubainika. Na Wakenya wameonyesha kwamba hawajalala. Desemba 2025 nchi yao ilisaini na Marekani makubaliano ya miaka mitano ya fedha za afya. Siku chache tu baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda sehemu inayohusu kuhamisha taarifa za afya za wananchi, baada ya watetezi wa walaji kwenda kortini.

Mahakama ni nzuri lakini ni za wenye nguvu ya kufika mahakamani. Mtu wa kawaida anategemea msimamizi, na hapo hesabu zinachekesha. Ofisi ya Kamishna wa Data wa Kenya, chini ya Immaculate Kassait, imefanya kazi kuliko wengi walivyotarajia. Mwaka 2023 iliitoza kampuni ya mikopo ya Whitepath shilingi milioni 5, ikaitoza Mulla Pride shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu kuwatumia vitisho, na klabu ya Casa Vera ikalipishwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Milioni 5 ndiyo dari. Kifungu cha 63 kinasema faini ya kampuni ni hadi shilingi milioni 5 au hadi asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na kati ya hivyo viwili kichukuliwe kilicho kidogo. Kidogo! Ulaya sheria yao inataja yuro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya dunia nzima, na wanachukua kikubwa. Kwa kampuni inayokopesha mamilioni ya watu, shilingi milioni 5 za Kenya ni gharama ya matangazo ya wiki. Neno moja hilo likibadilishwa bungeni lingefanya kazi kubwa kuliko semina zote za uhamasishaji.

Tanzania tunayo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Mtihani wake mkubwa, kwa maoni yangu, hautatoka kwa kausha damu. Utatoka kwenye Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, kwa kuwa sheria hiyo inataka asiyejiweza alipiwe, na ili alipiwe lazima mtu fulani, au mashine fulani, iseme nani hajiwezi. Kishawishi cha kuchungulia miamala ya simu kitakuwa kikubwa, kwani iko tayari, ni sahihi kuliko dodoso, na haina posho ya safari. Mwenye bajeti ndogo atauliza kwa nini tutume watu vijijini wakahesabu mabati.

Sheria zetu zote mbili, ya Kenya na ya Tanzania, zinampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Sijawahi kuona programu ya mkopo iliyoandika hilo kwa Kiswahili mahali mteja anapoweza kulisoma, na bima ya afya isianze kwa mtindo huo. Jibu la "huna sifa" likitoka, karatasi yake itaje kilichosomwa: paa, laini ya simu, au malipo ya duka la dawa. Itaje ofisa anayepokea pingamizi na ofisi yake iko kata gani, na iseme ni siku ngapi atachukua kujibu huku mgonjwa akiendelea kutibiwa.